Namna ya Kutoka Sokoni Bariadi Bila Nailoni

Mwaga kila kilichomo kwenye mfuko uliorudi nao jana jioni, ukipange mezani na ukitazame. Nyanya zina nailoni yao. Vitunguu vina ya kwao. Dagaa wana mbili, maana ya kwanza ilitobolewa na vichwa kabla hujafika kwenye kona. Karanga za kusaga zimepigwa fundo lisilofunguka mpaka utumie meno, na mafuta ya kupikia yamo kwenye kifuko chembamba ulichokishika kwa vidole viwili njia nzima, bodaboda ikiruka matuta na wewe ukimwomba Mungu. Fungu la mchicha limevaa kuliko bwana harusi. Na vyote hivyo vimetiwa ndani ya mfuko mkubwa wa kubebea, ambao nao ni plastiki. Chakula kitakuwa kimekwisha kabla ya kulala. Nguo zake zitakuwepo wajukuu wako wakioa.

Mwongozo huu ni wa kununua vitu bila nguo hizo. Nitatania watu, wanaume wenzangu wakiwa wa kwanza, kwa sababu baadhi ya tabia zetu sokoni zinachekesha kweli. Lakini maagizo yote nimeyaandika yatekelezwe, na nitafurahi sana nikisikia yametekelezwa Somanda, Dutwa, Lamadi, Mwanhuzi na Lagangabilili.

Mjue kwanza unayepambana naye

Tarehe 1 Juni 2019 rambo, yaani mfuko wa plastiki wa kubebea, ulipigwa marufuku Tanzania Bara. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa ametangaza bungeni mwezi Aprili, na kanuni zikaja na meno: kiwandani faini ilianzia milioni 20, na mtu wa kawaida aliyekutwa na mfuko mkononi alikuwa na faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Kwa miezi michache hapa kwetu palitokea jambo zuri. Watu walitoa makapu darini. Wauzaji walifunga maandazi kwenye karatasi. Ua la minyaa, ambalo kila kiangazi lilikuwa limejaa rambo za bluu na nyeusi zilizopeperushwa na upepo, lilionekana tena kwa rangi yake.

Ila kanuni zile, kwa sababu za maana, ziliacha vifungashio vya dawa, vya viwandani, vya ujenzi, vya kilimo, vya vyakula vilivyosindikwa na vya usimamizi wa taka. Huwezi kuuza dripu ya hospitali kwenye gazeti. Katika mlango huo uliobaki wazi ikapita nailoni nyeupe isiyo na mshikio, ile inayouzwa kwa bunda na kuning'inizwa kwenye msumari wa kila kibanda. Ilitakiwa iwe kifungashio cha bidhaa, ikageuka mfuko wa kubebea. Mwaka 2021 serikali ikarudi na katazo la pili dhidi ya vifungashio hivyo visivyo na viwango. Msumari wa kibandani bado una kazi.

Rambo ilikuwa moja kwa kila mnunuzi. Nailoni ni moja kwa kila kitu kilichonunuliwa, na wengi wetu tunanunua kwa siku: robo ya sukari, kipimo cha mafuta, nyanya za kupikia leo. Mtu mwenye mshahara wa mwezi hununua mafuta dumu zima na kutupa dumu moja. Mama anayepata pesa yake jioni hununua mafuta yale yale mara thelathini na kurudi na vifuko thelathini. Kwa hiyo yeyote anayepita akiwasema watu wa kipato cha chini kuwa ni wachafu wa mazingira aache kwanza. Kipato kidogo ndicho kinacholeta vifuko vingi, na mwongozo unaomwambia mama huyo anunue kwa jumla ili kuokoa mazingira haumfai yeye wala mazingira.

Kinachonipa matumaini ni hiki: karibu kila kitu cha sokoni kwetu kinafika kikiwa uchi. Mpunga, choroko, dengu, mahindi, dagaa, michembe na matobolwa ya viazi vikavu, na mboga kavu za nsansa husafiri kwa gunia na kumwagwa kwenye turubai au beseni. Muuzaji hupima kwa sado, kwa kopo, kwa fungu. Wenzetu wa Ulaya siku hizi hufungua maduka maalumu ya kuuza nafaka bila vifungashio, wateja wakaja na chupa zao kutoka nyumbani, na magazeti yakaandika habari zake. Sisi tuna soko zima la namna hiyo, tangu babu zetu. Uharibifu wote unatokea katika sekunde kumi za mwisho, muuzaji anaponyoosha mkono kuelekea msumarini. Kazi yako ni kuziwahi sekunde hizo.

Kukusanya silaha

Usinunue chochote. Tafadhali. Kuna watu ambao wakisikia habari za kutunza mazingira jambo la kwanza ni kwenda kununua seti mpya ya makopo ya rangi zinazofanana. Angalia chini ya kabati. Kopo la Blue Band lililooshwa linatosha sukari robo na nafasi inabaki. Kopo la maziwa ya mtoto, lenye mfuniko wa kubana, ni la karanga za kusaga. Chupa ya kioo yenye kizibo ni ya mafuta. Ndoo ndogo ya rangi, ile ile iliyotupatia kipimo cha sado, ni ya dagaa na ya samaki. Sufuria lenye mfuniko ni la nyama. Hotpoti uliyopewa kwenye harusi yako, ambayo inasubiri mgeni wa heshima tangu siku hiyo, itoke sasa: mgeni mwenyewe ni chapati za asubuhi.

Vyote vitiwe kwenye kapu. Kapu la ukindu likibebwa kila siku huvumilia, likilowa hukauka, na likichakaa mbuzi atalimalizia bila kuugua.

Dukani, na suala la mzani

Kwenye duka la mtaani ndipo wengi hukata tamaa siku ya kwanza, kwa sababu mwenye duka amekaa jioni nzima kufunga sukari: robo, nusu, kilo, zimepangwa kwenye boksi. Ukifika na kopo lako unaonekana msumbufu. Nenda kwa heshima, na uwe na subira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Naomba sukari robo. Nimekuja na kopo."

"Kopo la nini tena? Mbona zimeshafungwa hizi."

"Basi leo nipe hiyo, mama. Ila ya kesho usinifungie, nitakuja na kopo hili hili."

"Nitapimaje sasa? Kopo lenyewe lina uzito, mwisho useme nimekuibia."

"Lipime tupu kwanza, mama, tuone linasomaje. Halafu weka sukari juu yake."

"Haya. Wewe mwalimu nini?"

Mama ana haki ya kuuliza habari ya uzito, na wewe lazima ujue jibu. Kwenye mzani wa mawe wenye masinia mawili hakuna tatizo lolote: anapima kwenye sinia, anamimina kwenye kopo lako. Kwenye mzani wa kielektroniki anaweka kopo tupu, anabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha anamimina. Kwenye mzani wa mshale kopo hupimwa kwanza na uzito wake kuongezwa kwenye hesabu. Andika uzito huo chini ya kopo kwa kalamu ya wino mzito, mara moja, na mjadala umekwisha kwa mwaka mzima. Faida nyingine iko kwako: sukari inayopimwa mbele ya macho yako ni robo unayoiona, wakati ile iliyofungwa jana usiku, taa ikiwa hafifu na mwenye duka akisinzia, hukuiona ikipimwa.

Usimkaripie mwenye duka. Nailoni anainunua kwa pesa yake, na kila anayekuja na kopo anamwachia shilingi kadhaa kwenye bunda. Mkumbushe hilo kwa upole. Akishawazoea wateja watano wa makopo, ataanza kuacha sukari kwenye ndoo yenye mfuniko na kufunga chache tu. Watano wanatosha kubadilisha duka dogo. Tafuteni wenzenu wanne.

Mafuta ya kupima ni rahisi kuliko sukari kwa sababu kipimo ni cha ujazo. Peleka chupa na mpira wa kumiminia kama muuzaji hana. Mkoa huu wetu wa Simiyu unakamua mafuta ya pamba na ya alizeti, hivyo mara nyingi mafuta hayo hayajasafiri mbali na kifuko ndicho kigeni pekee katika biashara nzima. Na kifuko cha mafuta hakioshwi kikatumika tena, hakuna anayekiokota, mbwa tu ndiye anayekitafuna.

Maziwa sina la kukufundisha. Muuza maziwa wa baiskeli anapita asubuhi, unatoka na sufuria, anapima kwa kikombe, anaondoka. Mfumo huo ni kamili. Uacheni ulivyo.

Bucha, na aibu ya wanaume

Hapa nitakaa kidogo.

Mwanaume wa kwetu hana shida kubeba gunia la mahindi begani kutoka shambani. Hana shida kubeba jembe, debe la maji, hata mbuzi. Mpe kapu la sokoni apite nalo katikati ya mji saa kumi na moja jioni, na miguu inakuwa mizito. Anaona kila mtu aliyekaa kijiweni anamtazama. Kwa sababu ya aibu hiyo, mwanaume anayepitia bucha akitoka kazini hana chombo chochote, na kila siku anarudi na nyama kwenye nailoni mbili ndani ya mfuko wa khaki uliokwisha kulowa damu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi wazi. Rambo nyeusi ilipendwa kwa sababu ilikuwa na siri. Robo kilo ya nyama ndani ya rambo nyeusi inaweza kuwa robo, inaweza kuwa kilo mbili; jirani hajui, na shemeji aliyekaa barazani hajui. Nailoni nyeupe ilipokuja, robo ikaonekana kuwa robo. Ndiyo maana watu wakaanza kuivika nguo ya pili na ya tatu. Tusiwacheke kwa hilo. Mtu ana haki ya kutotangaza mtaa mzima kiasi cha nyama yake, na mwongozo wowote unaosahau heshima ya mnunuzi utashindwa.

Sufuria lenye mfuniko linatunza siri kuliko rambo. Halionyeshi kitu, halivuji, halinuki, na likitikiswa linatoa mlio wa utajiri. Kama sufuria ni kubwa mno kubeba kazini, chukua kontena la plastiki ngumu lenye mfuniko, lile la kubebea chakula cha mchana: ukishakula ugali wako saa saba, lioshe, na saa kumi na moja litabeba nyama. Mwambie muuza nyama aipime kwenye mzani wake kama kawaida kisha aitumbukize humo. Na kwa kapu, dawa yake ni wanaume watatu kutembea nalo pamoja kwa wiki moja. Mmoja peke yake ataulizwa kama mke anaumwa. Watatu wataulizwa wamelinunua wapi.

Samaki ni hadithi tofauti. Nailoni na karatasi vyote havimfai: karatasi ya khaki hupasuka chini kabla hujavuka barabara, na sato akianguka kwenye vumbi la kiangazi hasafishiki tena. Kule Busega, ambako mkoa unagusa Ziwa Victoria, mvuvi hupitisha kamba kwenye mashavu ya samaki na kuwauza kwa mtungo. Samaki anabebwa kwa kamba, kamba inatumika kesho. Ukinunua Lamadi kwa ajili ya safari ya kuja Bariadi, njoo na ndoo yenye mfuniko. Abiria wenzako kwenye gari watakubariki. Majani ya mgomba nayasikia yakisifiwa kila semina, na kwa watu wa Bukoba ni ushauri mzuri. Sisi tuko nchi kavu ya pamba na mtama. Tusipewe maagizo ya mahali penye migomba.

Cha moto kisikutane na nailoni

Hatua hii naisema bila utani wowote. Chipsi zinazotoka kwenye mafuta yanayochemka, ugali unaofuka moshi, supu, uji wa mtoto: visiwekwe kwenye nailoni nyembamba. Plastiki ikipata joto na mafuta huachia kemikali zake ndani ya chakula, na nailoni ya msumarini haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Beba hotpoti. Kama huna, kula hapo hapo kwenye sahani ya muuzaji, kaa chini, salimia watu, chakula kina haki ya dakika kumi. Karatasi za madaftari nazo zina wino, kwa hiyo andazi lenye hesabu za darasa la sita mgongoni nalo si zuri sana, ingawa limewahi kumkumbusha mtu hesabu ya asilimia.

Na usiwashie mkaa kwa nailoni. Najua inashika haraka. Moshi wake mweusi unaingia kwenye mapafu ya anayepuliza jiko, ambaye karibu kila nyumba ni mama au binti, na mtoto aliye mgongoni. Tumia maganda makavu, vijiti, au gunzi la mahindi.

Vipakti

Viwandani huko mjini wameigundua siri ya pesa ya kila siku kabla yetu. Sabuni ya unga ya kufulia shati moja, kahawa ya kikombe kimoja, mafuta ya nywele ya kichwa kimoja. Kila pakti ina tabaka kadhaa za plastiki, pengine na karatasi ya alumini, zilizogandamizwa pamoja, kwa hiyo hata mwokota makopo haichukui, haina mnunuzi. Tuliwahi kuona nguvu ya kifungashio hiki kwenye pombe kali: viroba vilipozuiwa tarehe 1 Machi 2017, bidhaa haikukatazwa, kilichokatazwa ni kuiuza kwenye kifuko. Mitaro ilipumua. Inawezekana, basi, kwa serikali kugusa kifungashio bila kugusa bidhaa, na ningependa kuiona ikifanya hivyo tena kwa vipakti vingine.

Wakati tunasubiri, sabuni ya mche ipo. Mwenye duka anaukata kwa kisu, anakupa kipande cha pesa uliyo nayo, kikavu, hakina nguo hata moja. Kinafua, kinaosha vyombo, kinaogesha. Ni bidhaa ya kidogo kidogo iliyotatua tatizo la kidogo kidogo bila kuacha taka.

Soda nayo inunue kwenye chupa ya kioo, uinywe dukani, uache chupa. Kreti litarudi Mwanza na chupa itajazwa tena. Walevi wa mji huu wamerudisha chupa za bia kwa uaminifu tangu enzi na enzi, wengine wakiwa hawakumbuki njia ya nyumbani. Mtu mwenye akili timamu asishindwe na soda. Na maofisa wanaoitisha vikao vya mazingira wakapanga chupa ndogo za maji mbele ya kila kiti, waweke jagi na glasi. Hilo ni agizo fupi kuliko yote humu.

Ukiulizwa "kwani inakuhusu nini"

Utaulizwa. Jibu kwa ng'ombe.

Siku ya mnada ikiisha, watu wakaondoka, ng'ombe hupita uwanjani. Nailoni iliyobeba chumvi, maganda ya matunda au mabaki ya chakula inanukia chakula, naye anaimeza nzima. Tumbo lake la kwanza haliwezi kuisaga wala kuipitisha. Inabaki, inasokotana na nyingine, inakuwa bonge. Ng'ombe anajiona ameshiba, anakula kidogo, anakonda nyasi zikiwepo, na wengine hufa. Wachinjaji wanayajua mabonge hayo. Katika nchi ya Wanyantuzu, ambako mzee anakagua ng'ombe wa mahari kuanzia pembe hadi kwato, baba mkwe hana namna ya kukagua nailoni iliyo tumboni. Mtu anaweza kuoa kwa ng'ombe ambao nusu ya uzito wa tumbo ni taka za gulio. Waeleze wazee hivyo. Sijaona mzee aliyebaki na usingizi baada ya hapo.

Zinazomponyoka ng'ombe zinakwenda na mvua. Korongo linazipeleka mtoni, Mto Simiyu unazipeleka Ghuba ya Speke, na huko ndiko mradi mkubwa wa maji unakotarajia kuvuta maji ya ziwa kuyaleta kwetu. Tutayanywa.

Mfuko wa pamba

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa pamba Tanzania. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, barabara za Bariadi, Itilima na Maswa zinakuwa nyeupe pembezoni kwa nyuzi zilizodondoka kwenye malori. Meatu wanalima pamba hai, isiyopuliziwa sumu za viwandani, na kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi hiyo na wakulima wa huko tangu mwaka 1994. Pamba hiyo inaishia kwenye nguo za Ulaya. Mkulima anaonywa kila mwaka asiweke pamba kwenye mifuko ya salfeti, kwa sababu nyuzi za plastiki zikichanganyika na pamba zinaharibu uzi kiwandani na bei inashuka. Tumejifunza kuilinda pamba isiguswe na plastiki. Kisha mkulima huyo huyo anapokea malipo yake, anaingia sokoni, na anabebea nyanya zake kwenye plastiki.

Maana ule mfuko mbadala wa rangi rangi, unaofanana na kitambaa, si kitambaa. Ni polipropilini, jamaa wa karibu wa salfeti. Shirika la Viwango Tanzania liliutaka uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba ili udumu, na ukiwa hivyo unadumu kweli. Ule mwepesi unaouzwa mkononi unachanika mshikio siku ya pili, viazi vinatawanyika barabarani, na mnunuzi ananunua mwingine.

Kuna hoja dhidi ya mfuko wa pamba, na lazima ijibiwe. Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza ilichapisha utafiti mwaka 2011 ukionyesha kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo mzigo wake kwa hali ya hewa ulingane na wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Kulima, kusokota na kufuma kunakula maji na nishati nyingi. Kwa Mwingereza anayekwenda dukani Jumamosi tu, mara 131 ni miaka miwili na nusu. Kwetu, tunaokwenda sokoni kila siku, ni miezi minne na siku chache. Ule ununuzi wa kidogo kidogo uliotuletea vifuko thelathini ndio unaofanya mfuko wa pamba ulipe haraka zaidi hapa kuliko kule. Na ukishonwa kwa shuka kuukuu au gauni la pamba lililochakaa, kitambaa kilishalipa gharama yake zamani.

Mkoa huu ulishajaribu jambo gumu kuliko hili. Chini ya mpango wa wilaya moja bidhaa moja, vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki na Meatu wakasindika maziwa. Kushona mfuko hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji cherehani, ambayo iko kwenye kila baraza la duka la vitambaa mjini, na fundi ambaye kati ya msimu wa sare za shule na msimu wa sikukuu hana kazi za kutosha.

Mpelekee fundi maelezo haya. Urefu sentimita 40, upana 35, na kitako cha upana wa kiganja ili sado ikae wima. Mishikio iwe mirefu ya kuvaliwa begani, ishonwe msalaba pale inapokutana na mfuko, maana hapo ndipo mifuko yote hufa. Mshono wa pembeni upigwe mara mbili. Ndani uwe na mfuko mdogo wa kuwekea chenji, na vifuko viwili vyepesi vya kitambaa vyenye kamba ya kuvuta: kimoja cha vitunguu na viazi, kingine cha maharage au choroko. Visitiwe kitu chenye maji. Rangi iwe ya giza kidogo. Nyeupe inapendeza siku moja tu kwenye vumbi letu. Kwa ajili ya wanaume, ushonwe wa khaki au wa bluu ya ovaroli, wenye mshikio mmoja wa kupita kifuani, nao wataubeba bila kuuliza wala kueleza.

Anayetaka kuifanya biashara ajue kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Soko la kwanza liwe wenye maduka wenyewe, wanaopenda jina la duka lao lionekane mtaani. Mfuko wenye jina la duka hutembea miaka mitatu na tangazo lake. La pili ni harusi, ambako wageni wangepewa mfuko badala ya kalenda. Pigeni hesabu ya kitambaa, uzi, ujira wa fundi na usafiri kabla ya kuandika bei, na mjaribu mfuko wa kwanza kwa kuutia mchele kilo kumi na kuuning'iniza kwenye msumari usiku kucha. Ukiamka upo, uchukueni, mtieni humo katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na nakala za vitambulisho, mwende nao ofisi ya kata.